Sauti Haipimwi kwa Kalamu

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari nchini Kenya, ina alama 60. Nusu yake, alama 30, imetengewa stadi za kuzungumza. Mtahiniwa huulizwa silabi ipi itiwe mkazo, sentensi ipi isomwe kwa sauti inayopanda na ipi kwa sauti inayoshuka, ubeti wa shairi ughanwe vipi, na kijana aliyeenda kuhojiwa kazi alikosea wapi katika namna alivyojibu. Ni maswali mazuri. Ajabu ni kwamba yote hujibiwa kimyakimya, kwa kalamu, ndani ya chumba ambamo anayefungua kinywa atakaripiwa na msimamizi. Mtoto anaweza kuzoa alama zote 30 za kuzungumza bila mtahini yeyote kuwahi kusikia sauti yake.

Dai langu ni kwamba huko ndiko kunakoanzia shida ya vijana wetu wanaojua Kiingereza kingi lakini hawasikiki wanapokizungumza. Tumewafundisha habari za sauti, hatukuwafundisha kuitumia wala kuisikiliza. Kisha tukawacheka kwa lafudhi, ambayo kati ya makosa yote ndiyo yenye madhara madogo zaidi.

Ingia darasa lolote la kidato cha tatu huku Kathonzweni, Makueni, wakati wa marudio. Mwalimu ameandika ubaoni sentensi nne za Kiingereza. Anaigonga ya kwanza kwa rula na kuuliza ina kiimbo gani. Darasa zima linajibu kwa pamoja, “Rising!”, na neno lenyewe linaporomoka hadi sakafuni. Anaigonga ya pili. “Falling!” wanapaza, na sauti inapanda hadi kwenye mabati. Hakuna anayecheka, maana hakuna aliyesikia. Kanuni imekaririwa barabara: swali la ndiyo au la hupanda; swali la nani, lini na wapi hushuka; taarifa hushuka; orodha hupanda hadi ifike kitu cha mwisho. Alama zitapatikana. Ila ukisikiliza Waingereza wenyewe wakipiga soga, utakuta maswali chungu nzima ya ndiyo au la yanayoshuka, na kule Australia na New Zealand utasikia taarifa za kawaida zikipanda mwishoni kana kwamba ni maswali. Kanuni ile ni mkongojo tu, lakini mwanafunzi wetu ameaminishwa kwamba ni mguu.

Ninaposema sauti hapa, nina maana ya yote yatokayo kinywani ambayo mwandishi wa kumbukumbu za mkutano hayaandiki: kidatu kinachopanda na kushuka, mkazo, kasi, kimya kati ya neno na neno, kuguna, kusonya, kukohoa kwa makusudi, kicheko cha aibu, kushusha pumzi. Vitabu vya shule huyachanganya haya na ishara za mikono, na mwanafunzi huishia kukariri orodha ile ile kila mwaka: kutazama hadhira, kutumia mikono, kubadilisha toni. Hiyo toni ibadilishwe wapi, kwa ajili gani, na msikilizaji ataelewa nini ikibadilishwa, orodha haisemi.

Vijana hao hawajapungukiwa na sauti hata kidogo. Wafuate siku ya soko, pale panapouzwa mbuzi. Mwuzaji anataja bei. Mnunuzi hasemi neno. Anampapasa mbuzi mgongoni kuona kama ana nyama, anainua mkia, kisha anaguna, “Mmh,” mguno mfupi unaoshuka. Mwuzaji anajua papo hapo kwamba bei imekataliwa ila mbuzi amependwa. Mguno ule ungekuwa mrefu na wa kupanda mwishoni, ungekuwa na maana nyingine: umeniona mgeni hapa? Na kama mnunuzi angesonya, biashara ingekufa hapo hapo na pengine ugomvi ungezuka. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyeshikilia kamba ya mbuzi wa babake huzifasiri sauti zote tatu bila kufundishwa, na akiachiwa mbuzi auze mwenyewe atazitumia. Wakenya wameipa sauti ya kusonya heshima ya kuitungia hata tahajia: kwenye simu huandikwa “nkt”, herufi tatu zisizo na irabu, na kila asomaye huelewa kwamba mwenzake amekerwa.

Zaidi ya hayo, mtoto aliyelelewa kwa Kikamba ana sikio ambalo Mwingereza wa kawaida hana. Kikamba ni lugha ya toni. Kidatu kikipanda au kikishuka kinaweza kutenganisha neno na neno, na kinaweza kubadilisha maana ya kisarufi ndani ya kitenzi. Kikamba hutofautisha pia irabu fupi na irabu ndefu. Kwa hivyo mtoto huyo, kabla ya kukanyaga darasa la chekechea, amekwisha kuzoea kazi ya kufuatilia sauti kwa makini, silabi kwa silabi. Tungetarajia mwalimu wa Kiingereza aianzie hapo. Badala yake, shule nyingi zimetumia miaka mingi kumwadhibu kwa kuzungumza Kikamba uwanjani.

Basi hitilafu iko wapi? Iko mahali ambapo vitabu vyetu hupapita haraka: kila lugha hugawanya kazi kati ya maneno na sauti kwa mgawo wake yenyewe. Chukua habari fupi ya Mutua aliyeuza mbuzi. Kama watu wanabishania nani aliyeuza, Kiswahili kinatupa neno la kumaliza ubishi: Mutua ndiye aliyeuza mbuzi. Kama wanabishania kilichouzwa, tunageuza sentensi: aliyeuzwa na Mutua ni mbuzi, ng'ombe yuko. Unaweza kuzisema sentensi hizo kwa sauti tambarare, hata ukiwa umechoka, na msikilizaji asipotee, kwa sababu umbo la sentensi limekwisha kufanya kazi. Kiingereza cha mazungumzo huyaacha maneno yakae yalivyo, “Mutua sold the goat”, kikahamisha mkazo peke yake. Ukikaa kwenye jina la mwanzo, habari ni kwamba si mtu mwingine aliyeuza. Ukikaa katikati, habari ni kwamba aliuza, hakutoa zawadi. Ukikaa mwishoni, habari ni mbuzi. Aliyezaliwa na lugha hiyo husikia sentensi tatu pale ambapo karatasi inaonyesha moja.

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, uwe na furaha au hasira, na hautarajiwi kubeba habari mpya. Mwaka 1945 mwanaisimu Mmarekani Kenneth Pike alieleza kwamba kuna lugha ambazo kila silabi hupewa muda unaokaribiana na wa mwenzake, na nyingine, Kiingereza kikiwamo, ambazo muda hufuata silabi zenye mkazo huku zilizobaki zikimezwa. Vipimo vya maabara vya baadaye vimeonyesha kwamba mpaka huo si mkali kama alivyoudhani, lakini sikio bado linausikia. Kijana wetu anapozungumza Kiingereza, kila silabi hupata fungu lake sawasawa, kama mgao wa mahindi ya msaada wakati wa kiangazi. Sarufi ni safi, msamiati upo, na bado msikilizaji wa mbali anababaika: kipi hasa katika maneno haya yote ndicho anachotaka kuniambia?

Kubabaika ni nusu ya hasara. Nusu ya pili inaonekana katika kisa kilichosimuliwa na John Gumperz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, katika kitabu chake cha 1982. Katika mkahawa wa wafanyakazi kwenye uwanja mkubwa wa ndege nchini Uingereza, waliajiriwa wanawake kutoka India na Pakistan kupakua chakula. Baada ya muda mfupi wasimamizi wao, na wapakiaji mizigo waliokuwa wakila pale, walianza kulalamika kwamba wanawake hao ni wenye kiburi na hawataki kushirikiana na wenzao. Wanawake nao walihisi kwamba wanabaguliwa. Gumperz alipochunguza aliona kwamba maneno yaliyosemwa kati ya pande hizo mbili yalikuwa machache mno. Mtu akichagua nyama, huulizwa kama atatiliwa mchuzi. Mhudumu Mwingereza husema neno moja, mchuzi, akipandisha sauti. Wanawake wale walisema neno lile lile wakishusha sauti. Kwao hilo lilikuwa swali la adabu. Sikio la Mwingereza lilisikia tangazo: mchuzi ndio huu, ukitaka usitake.

Waliporekodiwa na kusikilizishwa, wanawake hao mwanzoni hawakuona tofauti yoyote, maana neno lilikuwa lile lile. Mambo yalipofafanuliwa, walielewa kwa nini wamekuwa wakitazamwa kwa jicho baya. Lakini sehemu ya kisa hiki inayonivutia zaidi ni kwamba wasimamizi nao walifundishwa. Walielezwa kwamba sauti ya kushuka ndiyo njia ya kawaida ya wanawake hao kuuliza swali la namna ile, na kwamba hakukuwa na ufidhuli wowote ndani yake. Pande zote mbili zilikwenda shule. Mafunzo ya mawasiliano yaliyoenea kwetu humpeleka shule mtu mmoja tu, yule aliye dhaifu.

Kueleweka vibaya kwa namna hiyo hutupata hata tukiwa baina yetu wenyewe. Kijana aliyelelewa vyema hapa Kathonzweni, mzee akimwuliza jambo, husita kidogo kabla ya kujibu, hujibu kwa sauti ya chini, na huimalizia sentensi kwa kuishusha hadi karibu isisikike. Kusita kule ni adabu. Kunaonyesha kwamba swali limepimwa kabla ya kujibiwa. Sasa kijana huyo huyo anaitwa mjini Wote au Nairobi kuhojiwa kazi. Mbele yake wameketi watu wa umri wa babake na mamake, na wanamwuliza kwa Kiingereza. Anasita, anajibu kwa upole, sauti inashuka. Kwenye fomu wanaandika kwamba hajiamini. Baadhi ya wanajopo hao walilelewa kwa malezi yale yale, na jioni wakifika nyumbani watamsifu mtoto wa jirani anayejibu wakubwa kwa sauti ya upole. Sauti ni ile ile, ila wakikalia kiti cha Kiingereza huipima kwa kipimo kingine. Sidhani kwamba wanakusudia kuonea mtu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanachopima ni malezi, si uwezo.

Huku nyuma nguvu zetu zote tumezielekeza kwenye kushrabu, yaani kutamka Kiingereza kwa sauti za lugha ya mama. Taifa zima limelelewa kwa kicheko hicho. Vipindi vya runinga kama Vioja Mahakamani vilipata sehemu kubwa ya utamu wake kwa wahusika wenye lafudhi za makabila, na mchekeshaji yeyote wa leo anajua kwamba lafudhi ya Kikamba haikosi kuleta makofi. Kicheko cha jukwaani hakina neno. Darasani ni jambo jingine. Mtoto aliyechekwa mara moja kwa konsonanti huanza kuchagua maneno yasiyo na hatari, kisha huzungumza haraka ili amalize, kisha hunyamaza. Kwa kumkinga na kosa la herufi tumempokonya kasi, kimya na mkazo, vitu ambavyo ndivyo vingebeba maana yake.

Na herufi zenyewe hazistahili hofu hiyo. Mwaka 2000 mwanaisimu Jennifer Jenkins alichapisha kitabu kuhusu Kiingereza kinachozungumzwa kati ya watu ambao si wazaliwa wa lugha hiyo, akitaka kujua ni nini hasa huvunja maelewano. Sauti ya th, ambayo huwatoa walimu wetu jasho, aliiacha nje ya mambo ya lazima. Mkazo mkuu wa sentensi aliuweka ndani. Urefu wa irabu aliuweka ndani vilevile, na huo, kama nilivyotangulia kusema, mtoto wa Kikamba anao kutoka nyumbani. Miondoko ya kidatu aliiacha nje, kwa kuwa haikuonekana kuzuia watu kuelewana. Hapo ndipo kisa cha mkahawa kinapokuja kujaza pengo: mtu anaweza kueleweka kabisa na bado akachukiwa. Mkazo hulinda maana. Kidatu hulinda uhusiano. Mwanafunzi anahitaji vyote viwili, na hakuna kati ya hivyo kinachotaka aache kusikika kama mtu wa Kathonzweni.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu soko limejaa dawa za uongo. Moja ni kutwenga, kuzungumza puani kwa lafudhi ya kuazima kutoka Marekani au Uingereza. Anayetwenga huiga konsonanti na irabu, lakini mkazo wake hubaki vilevile, kwa hivyo anasikika kama mgeni wa pande zote mbili. Dawa nyingine ni zile semina za hotelini ambapo mzungumzaji mwenye koti zuri hutangaza kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti asilimia 38, na uso na mwili asilimia 55. Takwimu hizo zilitokana na majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1967 na Albert Mehrabian na wenzake. Watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa kwa sauti tofauti, na katika jaribio moja wakaonyeshwa picha za nyuso, kisha wakakisia kama msemaji anampenda msikilizaji au hampendi. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia za kupenda na kuchukia pekee. Hakusema kamwe kwamba maneno ya hotuba ya bajeti hubeba asilimia 7 tu ya maana yake. Lau ingekuwa hivyo, tungeweza kutazama taarifa ya habari ya Kichina na kuelewa sehemu kubwa yake.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo amekuwa akitikisa kichwa. Kiingereza cha nani? Kenya ina Kiingereza chake, chenye wizani wake, na mamilioni huelewana nacho kila siku bungeni, makanisani na kwenye magari ya abiria. Kwa nini tuwafundishe watoto wetu kupanda na kushuka kwa amri ya watu wa London? Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mkenya akizungumza na Mkenya hahitaji kubadilisha hata silabi moja, na mtahini anayemkata alama kwa kuzungumza kama Mkenya anafanya dhuluma. Lakini kukijua kiimbo cha wengine si kukiabudu. Mfanyabiashara wa Kathonzweni anayejua kwamba Msomali hupatana bei kwa namna yake na Mhindi kwa namna yake hajaacha kuwa Mkamba; ameongeza tu idadi ya watu anaoweza kuwauzia. Mtoto asipoambiwa kwamba katika Kiingereza mkazo hufanya kazi ya ndiye na ndicho, amenyimwa ufunguo ambao mtoto wa shule ya kifahari ya Nairobi ameupata bure mezani kwao.

Na milango inayotaka ufunguo huo imekaribia. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, kwenye ekari 5,000 za ardhi ya Makueni kando ya barabara ya Mombasa. Miongoni mwa ndoto za mwanzo za mradi huo zilikuwa kazi za kuhudumia wateja wa kampuni za ng'ambo, zikiwamo kazi za simu. Kazi ya simu ni sauti tupu. Mteja aliyekasirika kule Manchester haoni tabasamu lako wala koti lako; husikia tu kama umepanda au umeshuka, kama umesita kwa kufikiri au kwa kutojua, kama “mhm” yako inasema endelea au inasema maliza upesi. Sisi tumezoea kumwitikia mtu kwenye simu kila baada ya maneno mawili, eeh, eeh, sawa, ili ajue hatujakata. Mgeni asiyezoea anaweza kudhani unamharakisha.

Wauguzi nao wameuonja uzito huo wa sauti. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya wa Kenya kufanya kazi huko. Februari 2022 Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, alifichua kwamba kati ya wahudumu 300 hivi waliotangulia kufanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Nchi nzima ilishtuka: watu waliosomea kila kitu kwa Kiingereza tangu shule ya msingi wanaangukaje mtihani wa Kiingereza? Yako mengi ya kuulizwa kuhusu mitihani hiyo na nani anafaidika nayo. Lakini tazama jinsi inavyofanywa. IELTS, mmoja wa mitihani inayokubaliwa na wasajili wa wauguzi huko Uingereza, huwa na sehemu ambayo mtahiniwa huzungumza ana kwa ana na mtahini kwa dakika 11 hadi 14. Muuguzi wa Kenya aliyepitia KCSE hukutana na kitu cha namna hiyo kwa mara ya kwanza maishani akiwa mtu mzima, na baada ya kulipa ada kubwa.

Kila ninapolitaja hili kwa walimu jibu huwa moja: haiwezekani. Watahiniwa wa KCSE wanakaribia milioni moja, nani atawasikiliza? Ni swali la haki, ila jibu lake limo ndani ya KCSE yenyewe. Mtahiniwa wa Kifaransa husikilizwa. Mtahini huketi naye, humwuliza kwa Kifaransa, naye hujibu kwa kinywa, na alama huandikwa. Wa Kijerumani husikilizwa. Wa Muziki huimba na kupiga ala. Lugha ya kigeni inayofanywa na watahiniwa wachache imepewa masikio. Lugha ambayo kila mtoto analazimika kuifanya, na ambayo itamwamulia chuo na kazi, imepewa karatasi. Idadi ni kikwazo, sikatai, lakini kikwazo cha idadi hutafutiwa mbinu.

Masikio tunayo hata nje ya mtihani. Kila mwaka Tamasha la Muziki na Tamasha la Drama huzileta shule pamoja, watoto hughani mashairi kwa Kiingereza na Kiswahili, na waamuzi husikiliza mmoja mmoja, kikundi kwa kikundi, kuanzia ngazi ya chini hadi ya taifa. Ukimsikia mwamuzi mzuri akitoa maoni yake, akimwonyesha mtoto ni wapi kimya chake kilikuwa kifupi mno, utajua kwamba nchi hii haikosi wataalamu wa sauti. Upungufu wa matamasha ni kwamba huwachukua wachache waliochaguliwa, na sauti inayotuzwa pale ni ya jukwaani, kubwa na ya kutia chumvi. Muuguzi akizungumza na mgonjwa kwa sauti ya shairi la kikundi, mgonjwa ataomba kurudishwa nyumbani.

Wakati wa kubadilisha ni huu. KCSE ya mfumo wa 8-4-4 imepangiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wanapanda ngazi za shule ya upili ya juu. Mtaala huo umeweka kusikiliza na kuzungumza kama mada inayojitegemea katika masomo ya lugha, na umekubali kwamba sehemu ya alama itoke kwa tathmini zinazofanywa shuleni. Basi kuzungumza kuwe katika sehemu hiyo. Mwalimu wa shule jirani aje, amsikilize kila mtoto kwa dakika tano, mazungumzo yarekodiwe kwa simu, na baraza la mitihani, KNEC, lichukue sampuli kuhakikisha hakuna aliyependelewa. Kazi zenyewe zisiwe za kusoma kifungu. Mtoto aambiwe: kataa mwaliko bila kumwudhi aliyekualika, mwambie mkubwa wako kwamba amekosea tarehe, uliza tena jambo ambalo hukulielewa. Anayepima ajiulize kama amemwelewa mtoto na kama angependa kuendelea kuzungumza naye. Konsonanti aziache zijihami zenyewe.

Na darasani tusisubiri Nairobi. Somo la kwanza la kiimbo cha Kiingereza linaweza kufundishwa kwa Kiswahili, bila kitabu. Mwalimu aseme “Amefika,” kisha aseme “Amefika?” Maneno ni yale yale, na hakuna mtoto atakayekosa kutofautisha habari na swali. Aseme tena kwa mshangao, kisha kwa kejeli, watoto wataje kilichobadilika. Wakishagundua kwamba wanacho chombo hicho, awaonyeshe Kiingereza kinakitumia wapi kwa namna tofauti na yetu, awape Mutua na mbuzi wake, awarekodi, wajisikilize. Kujisikiliza huuma mara ya kwanza, baadaye huwa mchezo. Kwa wanajopo wa kuajiri, somo ni fupi zaidi: kabla ya kuandika kwamba kijana hajiamini, mpe swali la pili, na nafasi ya kusita.

Mahakama zetu zililielewa jambo hili zamani. Katika kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1972, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisisitiza kwamba mahakama ya rufani ya kwanza ina wajibu wa kupima ushahidi upya, ila ikumbuke kwamba hakimu wa awali ndiye aliyewaona na kuwasikia mashahidi. Hadi leo majaji huikariri kauli hiyo. Mtu mwenye kumbukumbu nzima mezani, kila neno likiwa limeandikwa, hukiri kwamba kuna kitu ambacho karatasi haikumfikishia, na hupunguza uhakika wake kwa kiasi hicho. Baraza la mitihani humpa mtoto alama 30 za kuzungumza bila kumsikia, na halipunguzi uhakika wake hata chembe. Ikiwa sauti ina uzito wa kusaidia kuamua nani aende jela, ina uzito wa kutengewa dakika tano na mtahini mwenye masikio.